Kujifunza kwa nyimbo na vitendo: maana yake hasa

Watoto wa darasa la awali wakisimama wote na kuanza kuimba huku wakigusa masikio, magoti na vidole vya miguu, mpita njia hudhani mwalimu amewapumzisha. Wazazi wengi nao huona hivyo: masomo ni daftari na penseli, nyimbo ni za kuchangamsha tu.

Kujifunza kwa nyimbo na vitendo ni njia ya kumfundisha mtoto mdogo ambapo jambo analotakiwa kulijua linaimbwa, na wakati huohuo mwili wake unalitenda. Wimbo humsaidia kushika maneno na mpangilio wake. Kitendo humpa maana. Viwili hivyo vikiachana, mtoto ataimba vizuri sana na huenda asijue anaimba nini.

Chukua kuhesabu. Mtoto wa miaka minne anaweza kuimba moja hadi kumi bila kukosea, mama yake akafurahi na majirani wakampigia makofi. Mwekee vizibo saba vya soda umwambie avihesabu. Kidole kinakwenda kwa kasi yake na mdomo kwa kasi yake. Kizibo kimoja kinahesabiwa mara mbili, kingine kinarukwa, na anafika kumi ilhali vizibo ni saba. Si kwamba mtoto huyu ni mzito wa kuelewa. Amekariri mfuatano wa maneno, ila hajatambua kwamba kila namba ni ya kitu kimoja na kwamba namba ya mwisho ndiyo idadi ya vyote. Sasa mwimbishe wimbo uleule, polepole, huku akidondosha kizibo kimoja koponi kwa kila namba. Akifika tano, katisha wimbo ghafla: "Humo ndani viko vingapi?" Hapo ndipo wimbo unapoanza kufundisha hesabu, kwa sababu mkono umelazimika kwenda sawa na neno. Hatua za miguu nazo zinafaa, na hata kuruka, mradi mruko mmoja uwe wa namba moja.

Upande wa kusoma, Kiswahili kimetupa bahati. Silabi zetu nyingi huishia na irabu, ndiyo maana watoto huanza na ba, be, bi, bo, bu. Mtoto anayeimba jina lake huku akipiga kofi moja kwa kila silabi (A-ma-ni, makofi matatu, Ju-ma, mawili) anakata neno vipande vilevile atakavyokutana navyo ubaoni baadaye. Masikio yake yanapata kazi zaidi kwenye neno kama mtoto: m-to-to, makofi matatu, kwa kuwa hiyo m inasimama peke yake. Mbuzi ni makofi mawili, mbu-zi. Mbwa nayo, fupi hivyo, ni mawili, m-bwa. Nchi vilevile, n-chi. Hata watu wazima hubishana hapo, na watoto hufurahia sana mabishano hayo. Hakuna haja ya kuwaeleza kanuni katika umri huo. Waache wapige tena na tena mpaka masikio yakubali.

Kuna faida nyingine isiyoonekana haraka, nami naithamini kuliko hizo mbili. Katika michezo yetu ya kuimba kuna simama-kaa, na kuna ule wa nyama, ambapo kiongozi hutaja mnyama na watoto huitikia kwa kuruka iwapo nyama yake huliwa, au hutulia iwapo hailiwi. Kiongozi mjanja hutaja ng'ombe, mbuzi, kondoo, kuku, halafu paka. Wenye haraka tayari wako hewani. Kinachofanyiwa mazoezi pale ni kusikiliza kwanza, kuuzuia mwili ambao umeshaanza kuondoka, kisha kuamua. Watafiti wa Marekani hupima uwezo huohuo kwa zoezi linalofanana na michezo hiyo: mtoto akiambiwa aguse kichwa, anatakiwa aguse vidole vya miguu, na kinyume chake. Imeonekana kwamba wanaoliweza zoezi hilo mara nyingi huwa na maendeleo mazuri pia katika kusoma na hesabu. Jambo moja tu silipendi katika michezo hiyo, nalo ni desturi ya kumtoa anayekosea. Anayehitaji mazoezi zaidi ndiye anayeishia kukaa pembeni akitazama wenzake. Abaki ndani, akosee, ajaribu tena.

Ulaya nako kuna mwalimu aliyeona kwamba mwili ulikuwa umesahauliwa. Émile Jaques-Dalcroze alianza kufundisha muziki Geneva, Uswisi, mwaka 1892. Akakuta wanafunzi wanaojua kuandika muziki kwenye karatasi huku mapigo yenyewe yakiwapotea. Akawasimamisha wayatembee mapigo hayo kwa miguu, na njia yake ikaenea nchi nyingi.

Afya nayo ina neno lake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka mitatu hadi minne anahitaji angalau dakika 180 za kuchangamsha mwili kwa siku, na 60 kati ya hizo ziwe za nguvu za kutosha kumfanya aheme. Mtoto anayekaa asubuhi nzima akinakili herufi hazipati kirahisi.

Kuhusu namna ya kufanya, wimbo uwe mfupi. Mistari minne inatosha. Uimbwe kwa kupokezana, kiongozi akiimba na watoto wakiitikia, kwa sababu mtoto mwenye haya anaweza kuanza na kiitikio peke yake. Wako ambao kwa muda mrefu hufanya vitendo tu, mdomo umefungwa. Wasilazimishwe, kwa kuwa wamo ndani ya somo na sauti itakuja. Darasa likiwa na watoto sitini na nafasi ni finyu, nusu wapige makofi na nusu watende wakiwa wamesimama palepale, kisha wabadilishane. Akiwamo anayetumia kiti cha magurudumu, chagua kitendo cha mikono ambacho darasa zima litafanya, asitengewe cha kwake. Asiyesikia vizuri akae karibu na ngoma au debe, aone mikono ya mwalimu na kuhisi mtetemo.

Nyimbo za kwenye simu na runinga zina sauti nzuri na picha za rangi, lakini hazimsubiri mtoto. Haziwezi kusimama kwenye tano na kumuuliza viko vingapi, wala kupunguza mwendo kwa ajili ya aliyechelewa. Sioni pia sababu ya kumwanzishia mtoto majina ya viungo na rangi kwa Kiingereza wakati nyumbani haongei Kiingereza. Atagusa goti kwa kumwiga jirani yake, na neno litapita bila kushikwa. Mwanzishie kwa lugha anayoiota, hiyo nyingine itafuata.

Ili kujua kama amejifunza, usimpime kwa kumwambia aimbe, kwani kuimba ataimba. Mwite pembeni siku nyingine, bila wimbo wala wenzake, umwombe akuletee vizibo vitano. Akileta vitatu, rudini kwenye kopo na mwendo uwe wa polepole zaidi. Akileta vitano, wimbo huo umemaliza kazi yake, tungeni mwingine.