"Andiko huua": tunayoyasema vibaya kuhusu kusomea uchungaji

Nilipoaga kanisani ili nianze masta ya teolojia hapa Goma, mzee mmoja aliyenilea katika imani alinishika mkono akasema, "Mutoto wangu, usiende kule ukazimishe moto wa Roho." Hakuwa na nia mbaya. Alirudia tu yale tuliyoyasikia tangu utotoni: andiko huua, bali roho huhuisha.

Tuanze na aya hiyo, maana ndiyo inayotajwa kuliko zote. Ni 2 Wakorintho 3:6. Usiishie hapo, soma na mstari wa 7. Paulo anazungumzia huduma iliyochorwa katika mawe, yaani sheria aliyopewa Musa. Analinganisha agano la kale na agano jipya. Darasa na maktaba havimo katika hoja yake. Na huyo Paulo alilelewa miguuni pa Gamalieli, mwalimu wa sheria ya Kiyahudi (Matendo 22:3), tena akiwa kifungoni bado anamwomba Timotheo amletee vitabu, hasa vile vya ngozi (2 Timotheo 4:13). Wengine hujibu kwa Matendo 4:13, kwamba Petro na Yohana hawakuwa na elimu. Ni kweli, hawakupita shule ya marabi. Lakini aya hiyohiyo inamalizia kwa kusema watu waliwatambua kuwa walikuwa pamoja na Yesu. Walitembea na Mwalimu, wakauliza, wakakosea, wakasahihishwa. Mimi mwenyewe nilihubiri "andiko huua" kwa miaka kadhaa bila kufungua mstari unaofuata, na inaniuma, kwa sababu waumini waliniamini.

Wengine husema, "Kigriki na Kiebrania ni vya kujionyesha." Hapana, ndizo lugha ambazo Biblia iliandikwa kwazo. Chukua Yohana 3:8. Kwa Kiswahili tunasoma "upepo huvuma upendako", halafu mwisho wa aya tunakuta "Roho". Katika Kigriki ni neno moja, pneuma, na Yesu anaongea na Nikodemo akichezea maana zote mbili. Kiebrania nacho kina ruah, neno la upepo, pumzi na roho. Anayelijua hilo haongezi kitu kwenye Biblia; anawarudishia waumini kile ambacho tafsiri haikuweza kukibeba.

Wapo wanaodhani seminari ni ya mapadri tu. Chanzo chake kinaeleweka: Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, uliagiza mwaka 1563 kila jimbo liwe na mahali pa kuwalea mapadri wake, na neno likabaki upande huo. Ila Waprotestanti nao husoma hadi ngazi za juu. ULPGL, chuo kikuu cha Kiprotestanti kilichoanza hapa Goma mwaka 1985, kina kitivo cha teolojia.

Kuhusu muda wa masomo ndiko tunakodanganywa zaidi. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 250, inadai angalau miaka 6 kamili, 2 ya falsafa na 4 ya teolojia. Katika mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora) tunaoufuata sasa Kongo, lisansi ni miaka 3 na masta ni 2 juu yake. Marekani shahada ya uchungaji kwa kawaida huchukua miaka 3 baada ya shahada ya kwanza. Shule ya Biblia ya miezi michache ina kazi yake njema, nami naiheshimu, lakini si masta. Na anayekuuzia "udaktari" wa teolojia kwa wiki mbili, muulize: wizara inakitambua chuo chako? Walimu ni akina nani? Tasnifu inatetewa mbele ya nani? Dola anazozitaka ni sadaka za akina mama wanaouza makaa na ndizi barabarani.

Diploma haikufanyi mchungaji, hilo pia liwe wazi. Chuo hutoa shahada. Kuwekewa mikono ni kazi ya kanisa.

Lililobaki ni lile la kwamba aliyesoma sana hawezi kukaa na watu. Sehemu ya masomo ni staji, yaani mafunzo kwa vitendo, parokiani, ushauri wa kichungaji, namna ya kumsikiliza aliyefiwa. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, na siku chache baadaye mji ukaambiwa uondoke, watu wakimbilie Sake na kwingineko, nilisikia mahubiri kwamba Mungu anaadhibu dhambi za Goma. Mama mmoja aliyepoteza nyumba aliniuliza, "Baba Mchungaji, ni dhambi gani nimefanya kuliko wale wa mtaa wa Himbi?" Nilimfungulia Luka 13:4, watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Yesu anauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu, naye anajibu mwenyewe: sivyo. Tulisoma polepole, mara mbili. Kisha nikanyamaza, nikakaa naye juu ya kile kigodoro chake mpaka jioni.