Kuarifu si kuomba ruhusa: dhana potofu kuhusu sheria za utulivu wa umma

Dhana: Sheria za Mbelgiji zilikufa hapa Kongo (DRC) siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960.

Hazikufa. Sheria ya msingi ya 19 Mei 1960 (katiba ya muda ya uhuru), kifungu cha 2, iliacha kila sheria, dekreti na amri iliyokuwapo siku ya uhuru iendelee mpaka ifutwe waziwazi. Shina la kanuni ya adhabu tunayohukumiwa nayo leo ni dekreti ya 30 Januari 1940, ingawa imerekebishwa mara nyingi. Katiba ya 2006 ndiyo iliyoweka mpaka: kwa kifungu cha 221, maandiko ya zamani yanabaki ikiwa tu hayapingani nayo. Raia anayepinga sheria ya zamani aanzie hapo.

Dhana: Bila ruhusa ya meya hakuna maandamano.

Hili ndilo kosa linalotugharimu zaidi hapa Lubumbashi. Kifungu cha 26 cha Katiba kinawataka waandaaji waarifu mamlaka ya utawala kwa maandishi. Neno ni kuarifu. Ofisi nyingi, hata hivyo, zinashikilia dekreti-sheria (amri ya serikali yenye nguvu ya sheria) namba 196 ya 29 Januari 1999, iliyotangulia Katiba hii na inayodai ruhusa kwa maandamano ya barabarani. Si ya Mbelgiji, lakini tabia ni ileile. Léopoldville (Kinshasa ya leo), Januari 1959, jibu la meya Jean Tordeur liliwafanya ABAKO, chama cha siasa cha Bakongo, waahirishe mkutano wa tarehe 4 wakati umati umekwisha kufika, na mji ukawaka. Serikali ya kikoloni ilivunja ABAKO na kuwakamata viongozi wake. Tume ya bunge la Ubelgiji ilikuja kuchunguza baadaye.

Basi barua iandikwe hivi: tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, mahali pa kukutania, barabara zitakazopitwa moja moja (tuseme kutoka mtaa wa Katuba hadi mjini), kusudi, na majina na sahihi za waandaaji. Peleka nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili inarudi na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Usiandike "tunaomba ruhusa", maana kwa maneno hayo umekiri mwenyewe kwamba wanaweza kukunyima. Barua inayofika asubuhi ya maandamano, au isiyotaja njia, inawapa polisi sababu rahisi ya kuwazuia.

Dhana: Ukilalamikia sheria utafungwa.

Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kuandikia mamlaka malalamiko, peke yake au pamoja na wenzake. Mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi 3, na hakuna anayeweza kushtakiwa kwa kuandika. Mji huu unajua kwa nini ulinzi huo ni lazima. Tarehe 9 Desemba 1941, wafanyakazi wa kampuni ya madini Union Minière waliogoma kwa ajili ya mishahara walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Gavana Amour Maron alifika, wakaamriwa watawanyike, wakakataa, na askari wakawapiga risasi.

Dhana: Zamani hakuna aliyeadhibiwa bila hukumu ya mahakama.

Dekreti ya 5 Julai 1910 iliruhusu utawala kumhamisha kwa nguvu mwenyeji aliyedhaniwa kuhatarisha utulivu, bila kesi.

Dhana: Meya akikataa, mambo yamekwisha.

Hayajaisha. Andikia kwanza ofisi ileile iliyokataa, ndani ya miezi 3 tangu ulipojulishwa, ukiitaka ifute au ibadilishe uamuzi wake. Ikikataa, au ikinyamaza mpaka muda wake wa kujibu upite, ndipo unaenda kwa majaji wa mambo ya utawala. Wanaoruka hatua ya kwanza kesi yao haipokelewi, hata wakiwa na haki. Kama tatizo ni andiko lenyewe, kifungu cha 162 kinamruhusu mtu yeyote kulipeleka Mahakama ya Katiba, Kinshasa. Na ukikataliwa kwa mdomo tu, andika siku hiyohiyo kuomba jibu la maandishi, ukitaja saa na cheo cha aliyekujibu, kisha irudi nakala yako na muhuri. Bila karatasi hiyo jaji hana uamuzi wa kufuta.