Je, wajua kwa nini kigari kikuukuu cha gofu hukata pumzi mlimani?

Zamani nilikuwa na jibu la haraka: volti. Kigari kina betri sita za volti 6, jumla 36. Ongeza mbili zifike 48, kitaparamia mlima kama mbuzi. Nilimshauri hivyo jamaa mmoja kwa kujiamini kabisa. Bahati yake, hakunisikiliza.

Mlima unadai nguvu ya kusokota magurudumu, na nguvu hiyo ndani ya mota huletwa na ampia, yaani wingi wa umeme unaopita. Volti huamua mota izunguke kwa kasi gani. Chukua kigari ambacho pamoja na abiria kina kilo 600, kikipanda mita 1 kila kinapokwenda mita 5, kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa. Kwa volti 36 kitanyonya kama ampia 130. Kwa volti 48 nguvu inayodaiwa na mlima ni ileile, hivyo ampia zinabaki palepale. Kinachoongezeka ni mwendo. Kwa hiyo sikukosea kila kitu, utafika juu mapema zaidi. Lakini chaja, solenoidi (swichi kubwa ya umeme) na koili zilizoundwa kwa volti 36 zitakudai gharama yake, na ugonjwa uliokuwepo utabaki ulipo.

Vigari hivi vingi ni vya Marekani. E-Z-GO ilianzia Augusta, Georgia, mwaka 1954, na Club Car baadaye ikahamia mji huohuo. Vile vya kabla ya vidhibiti vya kielektroniki vilipunguza mwendo kwa koili za ukinzani, yaani nyaya zinazozuia umeme: ukikanyaga nusu, sehemu ya umeme inageuka joto tupu, ukikanyaga hadi chini, koili zinarukwa. Kwa hiyo kupanda mlima kwa nusu kanyagio ni kuchemsha koili bure.

Mota yenyewe ina tabia ya ajabu. Inapozunguka, huzalisha umeme wake unaosukuma kinyume na ule wa betri. Fikiria mlango wa daladala kituoni. Wanaoshuka wakiwa wengi, wanaopanda wanapenya mmojammoja. Ndivyo ilivyo tambarare: mota inakimbia, ampia zinaingia kidogo. Mlima ukipunguza mwendo, wanaoshuka wanapungua na umati wa ampia unajipakia. Na kwa kuwa kwenye mota hizi za zamani koili za nje na za ndani zimeunganishwa kwa mfululizo, ampia zikiwa maradufu nguvu ya kusokota hukaribia mara nne (si daima, chuma kikishashiba sumaku, ongezeko linapungua). Yaani mlima wenyewe ndio unaoiita nguvu.

Mbona basi kigari kinakwama? Turudi kituoni. Weka geti jembamba kabla ya mlango wa daladala. Wakipita watu watatu, hakuna anayeliona. Ukija umati, foleni. Geti hilo ni kichwa cha betri chenye ukungu wa kijani, nati iliyolegea, au waya uliooza ndani ya ganda lake. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.02 tu, zikipita ampia 150, kinakula volti 3. Hiyo ni nusu ya betri nzima, imepotea kwenye nati.

Ndiyo maana kupima betri kigari kikiwa kimeegeshwa hudanganya. Betri sita zilizojaa zitaonyesha kama volti 38 hata kama moja ni mgonjwa. Mwombe mtu aendeshe mlimani, wewe uangalie mita ya volti kwenye kila betri. Tano zikishuka hadi 5.7 na moja ikazama 4.8, umempata mhalifu. Baada ya hapo sugua vichwa vya betri, kaza nati, na badala ya waya namba 6 weka namba 2, ambao shaba yake ni nene mara mbili na nusu (ndiyo, namba ikishuka waya unanenepa).

Na tairi? Walioweka za inchi 22 palipokuwa na za 18 ili kigari kipendeze wameiongezea mota mzigo kwa asilimia 22, kisha wanalaumu betri.

Kama huna mita, kitu cha bure: panda mlima, egesha, zima, kisha sogeza kiganja karibu na kila kiungo bila kukigusa. Kile kinachotoa joto kuliko wenzake ndicho geti lako.