Waipa Mara Mbili

Tulitoka Tanga mjini alfajiri, manyunyu yameshaanza. Kufika Muheza ikawa mvua kweli, waipa zinakwenda mbio na wauza machungwa wamejibanza chini ya mabati. Saa chache baadaye, tumeipita Mombo, dereva akawasha waipa tena, safari hii kufuta vumbi.

Mimi ni mtu wa hali ya hewa, na swali ninaloulizwa sana kuhusu barabara hii ni moja: bahari iko pale tu, mbona Mkomazi mpaka Same pakavu hivi? Jibu linaonekana dirishani, mkono wa kulia. Ni milima ya Usambara, na ya Upare inayofuata.

Upepo wa bahari ukikuta mlima hauna njia ila kupanda. Hewa ikipanda hupoa, kama digrii 1 kwa kila mita 100, mpaka mvuke wake ugeuke wingu. Kuanzia hapo hupoa polepole zaidi, maana mvuke unaogeuka maji huachia joto. Mvua inaishia huko juu, Amani na Lushoto wanakolima chai. Inayovuka ni hewa iliyokwisha kukamuliwa, na ikiteremka upande wetu hupata joto digrii 1 nzima kila mita 100. Hesabu hailingani: inafika chini kavu, na ya moto kuliko ilivyokuwa upande wa pili kwenye kimo kilekile.

Kuna wanaopaita jangwa. Wanakosea, hii ni nyika. Same hupata kama nusu ya mvua ya Tanga, na migunga na mibuyu inaishi nayo vizuri tu.

Hedaru tulisimama kunywa chai. Nilifua leso bombani nikaitundika kwenye kioo cha gari. Kabla kikombe hakijaisha ilikuwa imekauka, imekakamaa kama karatasi. Tanga ingeshinda na unyevu mpaka jioni.

"Shikamoo mama," nilimwamkia mwenye mgahawa.

"Marahaba baba. Pwani mvua ipo?"

"Ipo, tumeiacha Muheza."

"Sisi tunaiangalia tu kule," akaonyesha wingu juu ya milima ya Upare.

Lakini Wapare hawakuishia kuiangalia. Tangu zamani wanachimba ndiva, mabwawa ya kukinga maji ya vijito usiku kucha, asubuhi yanafunguliwa kwa mifereji hadi mashambani. Nikamuuliza kama naye ana shamba.

"Ninalo, la mahindi. Zamu yetu ya maji ni kesho."