Iafoni Zinakuumiza? Acha Kuchokonoa Sikio: Maswali na Majibu

Wagonjwa wa masikio ninaowaona hapa Moshi siku hizi si watoto wa usaha peke yao. Wanakuja wanachuo, wauza duka wa pale Memorial, mabodaboda, kina dada wa saluni. Wengi wanaanza kwa kusema, "Dokta, iafoni zinaniumiza." Ukiendelea kuwauliza wanaongeza, "basi nikajisafisha kidogo." Huko kujisafisha kidogo ndiko kunakoniletea kazi, na ndiko kulikonifanya niandike.

Kwa nini iafoni za kuchomeka zinaniuma mimi, wenzangu haziwaumi?

Masikio hayalingani, hata ya mtu mmoja. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa kama sentimita 2.5 na halijanyooka. Sehemu ya nje ni gegedu, yaani ule mfupa laini unaopindika, lenye vinyweleo na nta. Sehemu ya ndani ni mfupa uliofunikwa na ngozi nyembamba mno, ambayo ukiigusa kidogo tu inauma. Mpira wa iafoni ukiwa mkubwa kuliko tundu lako unaibana ngozi muda wote unaosikiliza, mpaka panavimba. Ukiwa mdogo hautulii, nawe unaanza kuusukuma ndani kila dakika.

Iafoni nyingi za dukani zinakuja na mipira ya saizi tatu. Watu wanatumia iliyovalishwa tayari, nyingine zinatupwa na boksi. Anza hapo: badilisha mpira, jaribu ule mdogo, na usishangae sikio la kulia likikubali saizi ambayo la kushoto linaikataa. Ipo pia mipira laini ya sponji, ambayo baadhi ya watu inawakaa vizuri zaidi.

Au zinauma kwa sababu masikio yangu ni machafu?

Hapana. Nta ya sikio si uchafu. Mwili unaitengeneza makusudi: inazuia maji yasiloweshe ngozi, inanasa vumbi na wadudu, na ina uchachu kidogo unaowanyima bakteria na fangasi nafasi ya kukua. Tena inatoka yenyewe. Ngozi ya ndani ya sikio husogea polepole kuelekea nje na kuibeba nta, na kutafuna na kuongea kunasaidia. Kazi yako ni kufuta iliyofika nje, kwa kitambaa, ukiwa unaoga. Basi.

Iafoni inayokaa sikioni saa nyingi inaifungia nta njia na kulifanya tundu liwe na joto na unyevu. Kwa hiyo ni kweli watumiaji wa iafoni wanaweza kujaza nta. Dawa yake ni kuzipumzisha, na kuchokonoa si dawa.

Mbona nikiingiza pamba natoka na uchafu?

Ulichokiona kwenye pamba ni kidogo. Kingi umekishindilia ndani kama mtu anayeshindilia mahindi kwenye gunia, na huko ndani hakuna kitakachokirudisha nje. Kesho iafoni itabana zaidi, utasikia hafifu, utachokonoa tena. Mpaka unafika kwangu nta imekauka na kukaa juu ya ngoma ya sikio.

Mimi natumia vijiti vya pamba vya dukani tu, tena taratibu. Situmii ufunguo.

Hapana hata hivyo. Ndugu yangu, hapana. Nimekuta sikioni vichwa vya njiti za kiberiti, vipande vya vifuniko vya kalamu na ncha za unyoya wa kuku, lakini kinachonitesa zaidi ni hicho kijiti cha pamba ambacho kila mtu anakiona salama. Kijana mmoja alikuja akilaumu iafoni zake mpya. Nilipomulika nikaona utando mweupe wenye vidoadoa vyeusi. Nikauvuta kwa kibano, ikatoka pamba nzima iliyochomoka kwenye kijiti, imelowa, imeota fangasi. Yeye hakujua kabisa kwamba imebaki ndani. Iafoni zilikuwa zimemchubua kidogo. Mengine yote aliyafanya kwa mkono wake.

Mtu akikupiga kikumbo kwenye daladala huku kijiti kiko sikioni, ngoma inatoboka hapo hapo. Mtoto akikurukia mgongoni ukiwa umekaa kitandani, hali kadhalika. Kwa hiyo usiingize kijiti, ufunguo, pini ya nywele wala ukucha wa kidole kidogo.

Na mafuta ya moto? Au dawa ya kutoa povu ya duka la dawa?

Usimimine kitu kwenye sikio ambalo halijaangaliwa. Mafuta ya moto yanaunguza, na nimeona malengelenge. Dawa za kutoa povu zikipita kwenye ngoma iliyotoboka zinaingia sikio la kati na kuleta balaa, na wewe ukiwa nyumbani huwezi kujua kama ngoma yako ni nzima. Kitunguu saumu, mkojo, maziwa ya mama: hapana, hapana, hapana. Kulainisha nta ni jambo tunalofanya sana, lakini baada ya kumulika kwanza. Naomba na wauzaji wa maduka ya dawa waache kumpa matone kila anayesema sikio linamuuma.

Nitajuaje kama ni kubanwa tu au nimepata maambukizi?

Maumivu ya kubanwa yanapungua ukivua iafoni, na ndani ya siku moja au mbili yanakwisha. Kama hayapungui, bonyeza taratibu kile kinyama kidogo kilicho mbele ya tundu, au vuta sikio lote kwa juu. Ukiruka kwa maumivu, kuna uwezekano mkubwa ngozi ya tundu imeambukizwa. Kuwasha kusikoisha, majimaji, harufu na sikio kuziba ni dalili za familia hiyo hiyo. Kuna pia wanaodhurika na mpira wenyewe au madini yaliyo kwenye kifaa: ngozi inawasha na kupauka pale pale kinapogusa. Hao wabadilishe kifaa.

Maambukizi haya yakitibiwa mapema ni kitu chepesi. Tunasafisha, tunakupa matone yanayofaa, unakaa bila iafoni na bila kuingiza maji, na wengi wanapata nafuu ndani ya siku mbili tatu. Mwenye kisukari asisubiri hata siku moja, kwa sababu kwake yanaweza kuingia kwenye mfupa.

Nikivaa nasikia vishindo vya miguu yangu na kutafuna kwangu kichwani. Sikio limeharibika?

Halijaharibika. Sauti za mwili wako zinapita kwenye mifupa mpaka sikioni, na kwa kawaida hutokea nje kupitia tundu. Ukiliziba, zinabaki ndani. Wengine hawaizoei hali hiyo kabisa, na hakuna sababu ya kujilazimisha.

Basi nitumie nini badala yake?

Swali hili ndilo ningependa watu waje nalo mapema, kabla ya kidonda. Iafoni za kuchomeka hazijaandikwa kwenye katiba.

Ukiwa nyumbani au ofisini, hedifoni kubwa zinazofunika sikio lote ndizo huwa za kwanza kwangu. Haziingii tunduni, hazigusi nta, na kwa kuwa zinazuia kelele za nje huna haja ya kupandisha sauti. Ubaya wake ni joto; Januari na Februari hapa Moshi utatoka jasho, kwa hiyo zivue mara kwa mara na ufute sponji zake. Zile ndogo zinazolala juu ya sikio bila kulifunika zinaligandamiza gegedu, na wenye miwani wanaumia nyuma ya sikio. Zijaribu kwa nusu saa nzima kabla ya kununua, usivae dakika moja dukani ukaridhika.

Zipo iafoni za mtindo wa zamani, bapa, zinazokaa mdomoni mwa tundu bila kuliziba. Ni za bei ndogo na masikio mengi yanazivumilia. Tatizo lake zinaingiza kelele, na mtu aliyekaa Stendi Kuu anapandisha sauti mpaka mwisho.

Halafu zipo zinazokaa juu ya mfupa, mbele ya sikio, zikipeleka sauti kwa mtetemo. Tundu linabaki wazi kabisa. Kwa anayetembea kwa miguu, na kwa mwenye sikio linalojirudia kutoa majimaji, hizi nazisifia. Ila msidanganyike: sauti inafika kwenye sikio la ndani vile vile, na ikiwa kubwa inaharibu vile vile.

Na ukiwa peke yako chumbani, spika ya simu inatosha. Hakuna aliyeugua kwa kusikiliza taarifa ya habari kwa spika.

Madereva wa bodaboda, kwenu ninyi sina mbadala. Ukiwa barabarani usivae chochote.

Nitumie sauti kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani linashauri usivuke asilimia 60 ya sauti ya juu ya kifaa chako. Kwa mtu mzima, kiwango cha desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kinavumilika kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, saa hizo zinashuka hadi 4 tu kwa wiki nzima. Ukivua iafoni ukasikia mlio sikioni, ulishapitiliza. Seli za kusikia zikifa hazioti tena, na dawa ya kuziotesha haipo hospitalini.

Niende hospitali lini?

Nenda ikiwa maumivu yamepita siku mbili, sikio linatoa majimaji, usaha au damu, uso unavimba, au una homa au kizunguzungu. Na ukiamka sikio moja halisikii ghafla, bila maumivu, nenda siku hiyo hiyo. Watu wanasema "ni nta tu", wanachokonoa wiki tatu, na wakati wa kutibu unakuwa umepita. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ikibidi utaandikiwa rufaa kwenda hospitali ya Mawenzi au KCMC.

Sikio linaniuma sasa hivi, ni usiku. Nifanye nini?

Vua iafoni. Kunywa paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kama huna tatizo nayo. Usiingize maji, matone wala kijiti, hata likiwasha kiasi gani; kama mkono unakuwasha, ukalie. Asubuhi njoo kliniki, na iafoni zako uje nazo, pamoja na mipira yake yote kama bado ipo. Tutaipima hapo mezani tuone kama ina ukubwa wa sikio lako.