Maji ya tangi yamenuka: maswali ya mwenye gari na majibu ya Bwana Afya

Likizo ya shule iliyopita jamaa mmoja wa Kisauni, Mombasa, aliwachukua wanawe kuwapeleka Tsavo kwa gari lake la kulala. Ni basi dogo alilolibadilisha mwenyewe: kitanda nyuma, jiko la gesi, sinki, shawa, tangi la lita 100 chini ya kiti, pampu ya betri na hita ndogo ya maji. Tangi alilijaza kwenye kisima kimoja cha Mji wa Kale. Siku ya pili watoto wawili wakaanza kuhara, na siku ya tatu maji ya sinki yakatoa harufu. Aliporudi tulikaa barazani akaniuliza maswali yake, na waliokuwapo wakachomeka ya kwao. Ninayaandika karibu kama yalivyoulizwa.

Bwana Afya, maji niliyateka maangavu kama kioo. Uchafu umetoka wapi?

Uangavu wa maji haukwambii chochote kuhusu vijidudu. Kiwango kinachotakiwa kwa maji ya kunywa ni kusiwepo hata kijidudu kimoja cha E. koli, yaani kile kinachoishi matumboni, katika mililita 100. Glasi ya maji inaweza kuwa na maelfu yake usione kitu.

Kisima chenyewe ninakishuku. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, nao umejaa matundu na nyufa. Udongo mzuri huyachuja maji yanapopita polepole, lakini matumbawe huyaachia njia. Choo cha shimo cha jirani na kisima chako vinaweza kuwa vinanong'onezana chini kwa chini, hasa wakati wa masika maji yanapopanda. Ndiyo maana visima vingi vya kisiwani, hata vile vya vizazi na vizazi, ni vya kufulia na kuoshea, si vya kunywa.

Ila kabla sijakilaumu kisima peke yake, nilimwomba jamaa anionyeshe mpira wa kujazia maji. Akautoa chini ya gari. Nikamwuliza choo cha gari hukisuuza kwa mpira gani. Akanyamaza, kisha akacheka kwa haya. Ni huo huo.

Basi mpira huo usiutumie tena kwa maji ya kunywa. Nunua mwingine wa maji safi tu, uwe wa rangi tofauti, uzibe ncha zake zote mbili, na usilale pamoja na vyombo vya choo. Usipofanya hivyo, kazi yote ninayoieleza hapa chini utairudia baada ya mwezi.

Si nimwage tu dawa ya klorini ndani ya tangi, nifunge, yaishe?

Hilo ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote. Tia mkono ndani ya tangi uguse ukuta wake. Ule utelezi unaousikia vidoleni ni utando ambao vijidudu vimejijengea, vikajificha humo. Klorini huanza kupigana na utando na matope, nguvu yake ikaishia hapo hapo kabla haijavifikia vijidudu vilivyo ndani. Wiki mbili baadaye harufu imerudi, mtu anasema dawa ni feki.

Na utando hauko tangini tu. Uko ndani ya mabomba, kwenye pampu, kwenye hita, kwenye kichujio, na kwenye kale kachujio kadogo kanakofungwa mdomoni mwa mfereji. Ukisafisha tangi ukaviacha hivyo, umeosha sufuria ukapakua kwa upawa mchafu.

Haya, nianzie wapi?

Zima hita kwanza, umeme na gesi, uiache ipoe. Hita ikiwashwa bila maji huungua, na maji yake ya moto yanaweza kukuunguza wewe. Ikishapoa, fungua kizibo chake cha kutolea maji, fungua na cha tangi, halafu mifereji yote, wa moto na wa baridi, na shawa. Acha maji yote yatoke.

Toa kichujio ukitupe. Kichujio kilichopitisha maji machafu ni nyumba ya vijidudu, na kile cha mkaa, ukikiacha mahali pake, kitaimeza klorini kabla haijafika mbele. Fungua pia vichujio vidogo vya midomo ya mifereji. Usishangae ukikuta mchanga na kitu cheusi kama kamasi.

Kisha sugua. Kama tangi lina mfuniko wa kuingiza mkono, tumia brashi laini au kitambaa, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo isiyo na manukato. Usitumie waya wa chuma, kwa kuwa hukwaruza plastiki, na kila mkwaruzo ni shimo la utando mpya. Usisahau dari ya tangi. Suuza mpaka povu liishe.

Hapo ndipo klorini inaingia. Chukua dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, isiyo na harufu ya maua wala ndimu, usome asilimia iliyoandikwa kwenye chupa. Tunataka miligramu 50 za klorini katika kila lita ya maji. Kwa dawa ya asilimia 5, hiyo ni mililita 1 kwa kila lita, kwa hiyo tangi la lita 100 linataka mililita 100. Dawa nyingi za madukani kwetu ni hafifu zaidi. Ile ya asilimia 3.5 itataka kama mililita 145 kwa lita hizo 100. Ongeza na ujazo wa hita katika hesabu yako, kwani nayo itajaa. Na chupa iliyokaa mwaka mzima juani dirishani, kwa joto hili letu, imepoteza nguvu. Nunua mpya.

Usiimimine dawa moja kwa moja tangini. Ichanganye kwanza katika ndoo ya maji safi, uimwage tangi likiwa limejaa nusu, kisha ujaze mpaka juu kabisa. Washa pampu. Nenda mfereji mmoja mmoja, wa baridi halafu wa moto, uuache wazi mpaka unuse klorini, ndipo uufunge. Shawa nayo, na bomba la kusukumia choo. Hita iache imezimwa, maji ya dawa yapite na kukaa ndani yake.

Acha hivyo usiku kucha, kwa muda wa saa 12 hivi. Ukiwa na haraka, muda huo usiwe chini ya saa 4. Katikati ya muda huo endesha gari mtaani kidogo ili maji yarukeruke ndani na kuilowesha dari ya tangi. Matuta ya barabarani, ambayo kila siku tunayalalamikia, hapa yana faida.

Asubuhi fungua mfereji unuse. Kama harufu ya klorini imetoweka kabisa, maana yake uchafu ulikuwa bado mwingi na umeila dawa yote. Rudia. Kama ipo, mwaga, jaza maji safi, yapitishe kila mfereji, mwaga tena. Mara mbili au tatu, mpaka harufu ipungue iwe kama ya maji ya mfereji wa mjini. Mwisho funga kichujio kipya.

Maji hayo ya dawa usiyamwage mkokoni wala ufukweni, yanaua samaki. Yaweke kwenye mapipa wazi juani siku moja au mbili, jua litaivunja klorini, ndipo uyamwage.

Mimi nimeambiwa siki ndiyo dawa ya harufu. Nichanganye na hiyo klorini?

Hapana, mama, hata kidogo! Siki ni asidi. Ikikutana na dawa ya klorini hutoa gesi ya sumu inayounguza macho na mapafu, na ndani ya gari lililofungwa huna pa kukimbilia. Dawa ya kusafishia choo nayo ni vivyo hivyo, na chochote chenye amonia. Ukitaka kutumia siki kuondoa magamba ya chumvi kwenye vichujio vya mifereji, vifungue, uviloweke pembeni kwenye bakuli, uvisuuze, basi. Na unaposhika klorini vaa glavu, fungua milango.

Maji ya baridi hayanuki, lakini ya moto yananuka yai viza. Kwa nini?

Harufu hiyo ni ya hitani. Maji ya visima vya pwani yana chumvichumvi, ikiwemo salfeti, na kuna vijidudu vinavyoigeuza kuwa gesi yenye harufu hiyo. Hita nyingi zina fimbo ya magnesi ya kuzuia kutu, nayo huzidisha mambo. Kutia klorini hitani husaidia. Fimbo ikiwa imelika, fundi aibadilishe. Harufu ukiwa nayo kwenye mifereji yote, wa moto na wa baridi, hiyo ni ya tangi au ya maji yenyewe.

Kuna jambo jingine watu hawalifikirii. Maji ya vuguvugu, kati ya nyuzi 25 na 45, hulea kijidudu cha lejionela, ambacho huingia mapafuni kwa mvuke wa shawa na kuleta nimonia. Tangi la gari lililoegeshwa juani Mombasa hufika joto hilo bila hita. Gari likikaa wiki kadhaa bila safari, limwage kavu.

Watoto bado wanaharisha kidogo. Niwape nini?

Maji ya chumvi na sukari ya pakiti, kutoka kituo cha afya au duka la dawa. Pakiti hakuna? Lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mpe kidogokidogo baada ya kila choo, na chakula asinyimwe. Walio chini ya miaka 5 hupewa pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14.

Choo kikiwa kama maji ya mchele, macho yakididimia, mkojo ukikauka, kukiwa na damu, homa kali au mtoto kulegea, usingoje kesho. Kipindupindu kinaweza kumuua mtu kwa saa chache.

Nikishasafisha, yale maji ya kisima yanafaa kunywewa?

Umesafisha mabomba, hukusafisha kisima. Maji ya kunywa yachemshe. Hapa tulipo usawa wa bahari, yakishatokota kwa nguvu dakika moja inatosha. Lakini kuchemsha hakuondoi chumvi, wala nitrati inayotoka vyooni, ambayo ni hatari kwa mtoto mchanga anayetengenezewa maziwa ya kopo. Kwa mtoto huyo tafuta maji mengine.

Na tangi langu la darini la lita 1,000? Ni yaleyale?

Ni yaleyale kwa hesabu kubwa: lita 1 ya dawa ya asilimia 5, au karibu lita moja na nusu ya ile ya asilimia 3.5. Nyumba nzima ijue kwamba usiku huo maji ya mifereji hayanywewi. Kuingia ndani ya tangi, hasa la ardhini, usiingie peke yako. Hewa mle inaweza kuwa haitoshi. Na pampu ya petroli isiingizwe humo hata kwa dakika.

Darini kuna mgeni wa ziada, mbu wa madoadoa meupe anayeambukiza homa ya dengi na chikungunya. Mombasa tulizijua zote mbili, dengi mwaka 2013 na chikungunya ilipozuka mwishoni mwa 2017. Mbu huyu hutaga ukutani, juu kidogo ya mstari wa maji, na mayai yake hukaa makavu miezi kadhaa yakingoja maji yapande. Klorini haiyatoi. Sugua ukuta huo kwa brashi mpaka juu, kisha ufunge mfuniko, na bomba la kutolea maji yanayofurika ulifunge kwa wavu.