Je, Wajua Kwa Nini Chemchemi za Gombe Hazingoji Mvua?

Ikifika Septemba, Kigoma inakuwa haijaona mvua ya maana tangu Mei. Nyasi za mlimani zimekauka, njia zinatimka vumbi. Hata hivyo, anayeshuka kwenye boti ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Gombe atakuta mto Kakombe unaingia ziwani kama kawaida, maji meupe, na ukipanda bonde lake unafika kwenye maporomoko yanayomwaga vilevile. Theluji huku hakuna, wala bwawa huko juu. Sasa maji hayo yanatoka wapi?

Ni mvua ile ile, ila ya zamani.

Gombe ni ukanda mwembamba wa milima kaskazini mwa mji wa Kigoma, hauna barabara, unafikika kwa maji tu. Ziwa Tanganyika liko mita kama 770 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa Bonde la Ufa unapanda hapo hapo ufukweni hadi mita 1,500 hivi katika mwendo wa kilomita chache. Mvua ikinyesha kwenye msitu wa mabondeni haigongi ardhi moja kwa moja. Inapiga majani, inadondoka taratibu kwenye tabaka la majani makavu na mboji, kisha inazama kupitia njia za mizizi na matundu ya mchwa. Udongo wa namna hiyo hunywa mvua kama godoro. Chini yake kuna mwamba mkongwe wenye nyufa, na maji huendelea kushuka ndani ya nyufa hizo mpaka yakose pa kwenda. Hapo hujaa, kisha huanza kutambaa kuelekea upande wa mteremko.

Mwendo huo ni wa polepole mno. Palipo na nyufa pana maji huenda mita kadhaa kwa siku. Kwenye mwamba uliobana, safari hiyo hiyo huchukua miaka. Mahali bonde lilipochimbika chini kuliko kimo cha maji yaliyojaa mlimani, maji hutokeza nje. Hilo ndilo jicho la maji. Yanayotoka leo yanaweza kuwa ya msimu uliopita, au ya zamani zaidi.

Tabora mambo ni mengine. Mji uko kwenye mwinuko wa mita kama 1,200, mvua si haba, lakini nchi ni tambarare. Maji ya chini yapo, ila hakuna bonde la ghafla la kuyakata yakamwagika, kwa hiyo watu wameyafuata wenyewe kwa sururu na ndoo. Mtu wa Tabora akisema kisima na mtu wa Kigoma akisema chemchemi, huenda wanazungumzia maji ya aina moja. Tofauti ni nani amemfuata mwenzake.

Ukitaka kuona jicho lenyewe, kiangazi ndiyo wakati wake. Msimu wa mvua kijito hubeba na maji yaliyoteleza juu ya ardhi, yana tope, huwezi kutenganisha. Agosti na Septemba karibu yote ni ya chini ya ardhi. Mwambie mwongozaji kwamba hutaki kuishia kwenye maporomoko. Wengi hutegemea kuona maji yakibubujika kwa kishindo, na wanaweza kulipita jicho bila kujua: mara nyingi ni unyevu tu kati ya mawe na mizizi, majani yaliyooza yanayong'aa, kisha uzi wa maji usiozidi upana wa kidole.

Chovya mkono hapo. Mchana wa jua kali yatakuwa baridi ya kukushtua; ukiamka alfajiri ya Julai utaapa mtu ameyapasha moto. Maji hayajabadilika, umebadilika wewe na hewa iliyokuzunguka. Kuanzia mita kama 10 chini, ardhi haijali mchana wala usiku, hubaki karibu na wastani wa joto la mwaka mzima. Kigoma wastani huo ni kama nyuzi 24, na huko juu mlimani unapungua. Isitoshe, maji hunyang'anya mwili joto upesi kuliko hewa, takriban mara 25, ndiyo maana nyuzi 22 za hewa ni raha na nyuzi 22 za maji ni kutetemeka.

Mlima ukinyolewa miti, mvua haipungui siku hiyo hiyo, lakini haizami tena. Inateremka na udongo, inapaka ziwa rangi ya kahawia kwa saa chache, basi. Kiangazi jicho halina cha kutoa. Jane Goodall, aliyefika Gombe mwaka 1960 kuchunguza sokwe, alipita juu kwa ndege miaka ya mwanzo ya 1990 akakuta vilima vinavyoizunguka hifadhi vimebaki uchi. Mwaka 1994 ukaanza mradi wa TACARE, wa taasisi yake ya Jane Goodall Institute, kufanya kazi na vijiji jirani ili kurudisha miti. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Mita 60 ni chache mno, kwa maoni yangu, kama mlima mzima juu yake umefyekwa.

Na kuyanywa? Udongo na mwamba huchuja tope na vijidudu vingi, lakini hatua chache chini ya jicho nyani wameshapita na kuacha yao. Yachemshe, au beba ya kwako kutoka Kigoma. (Sokwe wa Gombe wana ufundi wao: hutafuna majani, huyatumbukiza kwenye tundu la mti lenye maji, kisha huyanyonya.) Mwamba wenyewe nao hutia ladha, kwa sababu maji huyeyusha kila kinachoyeyuka njiani. Pale Uvinza, mkoa huu huu wa Kigoma, chemchemi hutoa maji ya chumvi kali, na watu wamekuwa wakiyachemsha kupata chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja.